Shukrani za Lita Tatu

Mtu akikwambia kuwa Zulekha binti Jecha wa Wingwi hana adabu, usikubali wala usikatae. Muulize kwanza kama alikuwepo asubuhi ile pikapu ilipozimika mbele ya chuo cha Kurani. Kama hakuwepo, mwambie anyamaze, maana anasema asilolijua.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya marehemu mumewe, Hamdan. Nyeupe, mlango mmoja umefungwa kwa waya, kiti cha dereva kimeshonwa kwa gunia. Hamdan alimfundisha mkewe kuiendesha, lakini kabla hajamweka kwenye usukani alimlaza chini ya gari wiki nzima, amtajie kila nati na kazi yake. Watu walicheka. Mwanamke mzima, kanga imejaa oili, kalala chali uwanjani! Zulekha akawaacha wacheke.

Hamdan alipofariki, mirathi ikagawanywa. Mbarouk, kaka yake marehemu, naye alikuwa na fungu lake, na hakuna aliyembishia, hiyo ni sheria ya Mungu. Kuhusu pikapu wakaandikiana mbele ya sheha: itabaki mikononi mwa Zulekha maadamu inatembea. Siku ikimshinda, inauzwa. Mbarouk alitia saini huku anatabasamu, kwa kuwa hakudhani shemeji yake atamaliza hata mwaka mmoja.

Basi mwaka wa kwanza ukapita, ukapita wa pili, sasa ni wa nne. Pikapu inapeleka mihogo na ndizi soko la Konde, na ndiyo hiyo hiyo inayokimbiza wazazi wenye uchungu na wagonjwa hospitali, kwa njia ile ya mawe na mashimo ambayo wenye magari mazuri hawaitaki. Kwa mgonjwa na kwa maiti Zulekha hapokei nauli. Ukimshikilia sana atakwambia, "Mie usinipe kitu. Nywesha gari oili." Maneno haya yashike, maana ndiyo yaliyomponza.

Wingwi, kama Pemba yote, jirani akikuletea sahani ya futari, hairudi tupu. Utatia chochote, hata ndimu mbili. Kurudisha chombo kitupu ni aibu, na mtoto hufundishwa hilo kabla ya kujua kufunga viatu.

Wiki ile Zulekha alilala na homa, hawezi hata kusimama. Pikapu ikaazimwa mara tatu. Shaame alimpeleka mkewe kujifungua. Mtoto wa Bi Kazija, jirani wa mlango wa pili, akabebea mbao za paa. Ridha akaenda mazikoni na jamaa zake. Kila mmoja alirudisha ufunguo kwa adabu, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya nne homa ikamwachia. Akapakia mihogo, akawasha, akaondoka. Hakupima oili. Tuseme kweli, hakupima, na Hamdan angekuwa hai angemgombeza. Mwenyewe alijiambia kuwa amechelewa soko.

Hakufika mbali. Alipokaribia chuo, nyuma kukatoka moshi mweupe unaoelekea ubuluu, mzito, unanuka oili ya kuungua. Taa nyekundu ya oili ikawa inawaka na kuzimika. Chini, matone. Zulekha akazima pale pale. Watoto wa chuo wakaacha kusoma wakajaa madirishani.

Na nyumba ya Mbarouk iko wapi? Inatazamana na chuo! Akatoka mbio kama aliyeitwa karamuni, na nyuma yake Ashraf, fundi kutoka Chake, aliyekuja kumtengenezea jenereta. Ashraf akaomba gari iwashwe, akasikiliza, akautazama moshi, akaifuta mikono yake ambayo haijashika kitu.

"Injini imekufa," akasema. "Ringi zimekwisha. Hii ni skrepa tu, mama."

"Umesikia, shemeji," Mbarouk akasema, kwa sauti ya upole kama ya mtu anayetoa pole msibani. "Tulikubaliana. Siku ikishindwa. Nami mnunuzi ninaye, anaweza kuja leo leo."

Zulekha akayaona ya mbele. Akaiona pikapu imekokotwa. Akamwona mzazi wa kesho amelazwa juu ya baiskeli. Kisha hasira ikapanda, na hasira ya Zulekha ni dawa.

"Fundi, kijiti cha oili umekitazama?"

Ashraf akacheka. "Mama, moshi huu unahitaji kijiti?"

"Ebo! Umeiandikia cheti cha kifo hata hujaipima homa? Sogea!"

Akaomba vijana waisukume pikapu hadi mahali tambarare, akasubiri oili ishuke. Mbarouk alipofungua kinywa, akamnyooshea kidole tu. Akachomoa kijiti, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakitia, akakitoa. Lo! Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa urefu wa kidole na zaidi, tena ina povu kama maziwa yaliyopigwa.

"Nani katia oili kwenye gari yangu?"

Shaame, aliyekuja kutazama kama wengine, akainua mkono. "Mie, Bi Zulekha. Lita moja. Nisingeweza kuirudisha tupu, na mke wangu kajifungua salama."

"Na mwanangu alitia moja," Bi Kazija akasema. "Mie ndiye niliyemtuma. Wewe mwenyewe hutwambia tuinyweshe."

Ridha akajikuna kichwa, na kila mtu akajua. Lita tatu! Injini iliyokuwa imejaa tayari! Watu wakaangua kicheko, na Zulekha mwenyewe alitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

"Sasa oili kuzidi ni ubaya?" Mbarouk akauliza. "Si ndiyo injini inashiba?"

"Kuzidi hakuui injini," Ashraf akadakia, lakini safari hii hakumtazama mtu usoni.

"Kuzidi kidogo, sawa. Kikombe kimoja, hata injini haijui. Lita tatu, inaua," Zulekha akajibu. "Mule chini mna krenki, chuma kinachozunguka. Oili ikipanda ikakifikia, kinaipiga mpaka inakuwa povu. Na povu halilainishi chuma. Nyingine inasukumwa juu ikaungue, ndiyo moshi huo. Nyingine inatafuta pa kutokea. Samiha! Kaniombee ndoo kwa baba yako mkubwa."

Samiha, bintiye, akarudi na ndoo ya buluu, mpya, ya Mbarouk. Zulekha akatandika gunia, akalala chali chini ya gari mbele ya chuo kizima, akalegeza nati. Oili moto ikamchuruzika kiwikoni. Akaziba, akatoka, akasubiri, akapima, akarudi chini. Mara tatu. Mara ya tatu kijiti kikasoma alama ya juu barabara.

Akawasha. Moshi ukatoka ule ule.

Mbarouk akatabasamu. "Nilisema mie."

"Bomba la moshi bado lina oili yake, iache iungue," Zulekha akasema. Dakika moja. Mbili. Akaukaza mguu kwenye mafuta. Kisha moshi ukapungua, ukawa mwembamba, ukakatika. Taa nyekundu ikazimika isiwake tena. Injini ikanguruma vile alivyoizoea.

Ashraf akajilaza mwenyewe chini kutazama. Alipotoka hakuwa na cheko. "Sili ya nyuma inavuja, Bi Zulekha. Oili imeutoboa mpira wake wa kuzibia. Lazima ibadilishwe, usiache."

"Najua. Nitaibadilisha kesho, na wewe utanishikia taa."

"Nitakushikia."

Akawageukia jirani zake. "Na nyie! Shukrani zenu nileteeni kwenye chupa, mkononi. Atakayefungua boneti bila kupima, Wallahi, nitamnywesha yeye."

Mbarouk alikuwa ameshaanza kurudi kwake. Zulekha akamfuata, ile ndoo ya buluu ameishika kwa mikono miwili, lita tatu nyeusi zinacheza ndani, akaiweka taratibu juu ya baraza lake lililopigwa deki asubuhi ile.

"Ndoo yako hii, shemeji, ahsante," akasema. "Kwetu haturudishi chombo kitupu."

Kisha akapanda pikapu, akaenda Konde kuuza mihogo.