Mashine inayotaka chumba cha wifi

Saa tatu asubuhi, mwanamke wa miaka sitini na moja anaizunguka fremu ya mbao. Anashona kutoka upande wa dirishani mpaka mkono wake unapoishia, anaiacha sindano imesimama katikati ya kitambaa, anainuka, anazunguka, anakaa kwenye kigoda cha upande wa mlangoni, anaivuta sindano ile ile na kuendelea hadi ukingoni. Kisha anainuka tena.

Mstari mmoja wa mshono, mzunguko mmoja. Kwa siku ni mizunguko hamsini, siku nyingine sitini.

"Daktari aliniambia nitembee kwa ajili ya magoti," anasema bila kuinua uso. "Basi natembea. Sijui kama alimaanisha hivi."

Mtaani wanamwita Mama Viraka. Anashona mifarishi, yale matandiko mazito ya kitandani yenye tabaka tatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Kuunganisha viraka ni kazi ya cherehani ya kawaida, na anayo, nyeusi, ya kukanyaga. Kinachoua mgongo ni kuzishona tabaka zote tatu kwa pamoja, mstari baada ya mstari, kitanda kizima.

Kwa miaka ishirini na sita kazi hiyo ilifanywa na watu wawili. Upande wa dirishani alikaa yeye. Upande wa mlangoni alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Fremu ni pana na mkono wa mtu haufiki ng'ambo, kwa hiyo walipokezana sindano. Huyu akifika katikati anaiacha imesimama, mwenzake anaichukua na kumalizia, halafu anaanza mstari mwingine kurudi.

"Kaka yake alipofariki, watu walingoja tugombane," anasimulia. "Si unajua mawifi? Walingoja wee, wakachoka. Sisi tulikuwa tunagombana kila siku, lakini kwa mambo ya rangi tu. Yeye anataka nyekundu kila mahali."

Anajisahihisha. "Mume wangu, namaanisha. Huwa nachanganya. Alikuwa kaka yake kabla hajawa mume wangu, na wifi hakuniacha nisahau hilo."

Mama Viraka hakujaliwa mtoto. Wifi ana binti mmoja, na mwaka jana binti huyo alikuja na gari akamchukua mama yake kwenda kuishi naye, safari ya siku nzima kutoka hapa. Macho ya wifi yalikuwa yamekwisha. Jicho la kushoto lilizimika kabisa, la kulia linaona mwanga na kivuli.

Tangu hapo redio ya nyumba hii haizimwi. Inaongea yenyewe jikoni, matangazo ya sabuni, bei za mazao, salamu za watu wasiojuana.

"Sisikilizi," anasema. "Nataka tu mtu aongee. Nisikufiche, upweke ni mgumu. Kuna siku nimemjibu yule wa taarifa ya habari."

Mfarishi mmoja waliokuwa wakiumaliza kwa siku sita sasa unamchukua siku kumi na tano. Kwenye rafu kuna kazi tisa za wateja zimekunjwa, zinangoja. Nyingine mbili zilishachukuliwa na wenyewe kwa hasira. Bega lake la kulia halipandi tena juu ya sikio. Kuchana nywele anainamisha kichwa kulifuata chanuo.

Ndipo likaja wazo la mashine.

Zipo cherehani zilizotengenezwa kwa kazi hii tu. Zina mkono mrefu, yaani nafasi kubwa kati ya sindano na mwili wa mashine, ili tandiko zima lipite. Mama Viraka ameshakwenda dukani kuzitazama mara nne. Muuzaji, kijana mwenye tai na maneno mengi, sasa anamwandalia kiti kabla hajaingia.

Akiba aliyonayo ni ya miaka kumi na moja na inatosha mashine moja tu. Zinazomsumbua ni mbili.

Ya kwanza ni ya mezani. Unakaa, unausukuma mfarishi kwa mikono miwili chini ya sindano. Haichukui nafasi, itaingia pale pale penye cherehani nyeusi. Lakini mfarishi wa kitanda kikubwa una uzito, na anayeusukuma ni bega.

Ya pili ni ya fremu. Mfarishi unatulia, umekazwa kwenye mabomba mawili, na mashine ndiyo inayotembea juu ya reli. Fundi anasimama, anashika vishikio viwili kama vya baiskeli na kuiongoza anakotaka. Bega halibebi kitu. Ila fremu yake ina urefu wa mita tatu na nusu, na fundi anahitaji pa kupita mbele na nyuma.

Katika nyumba hii ya vyumba viwili na sebule ndogo, pa kuiweka ni mahali pamoja tu. Chumba cha wifi.

"Kitanda chake kipo vile vile," anasema. "Natandika kila Jumamosi. Usiniulize kwa nini."

Muuzaji alijaribu kumuuzia nyingine yenye kompyuta, inayoshona peke yake.

"Nikamwambia, mwanangu, ikijishonea, mimi nitafanya nini? Nivute kiti niitazame kama runinga?"

Safari ya tatu dukani alikubali kuijaribu ile ya fremu. Muuzaji alimwekea kitambaa, akamwonyesha vishikio, akamweleza kwamba mashine inafuata mwendo wa mkono. Ukienda haraka, nayo inaharakisha. Mama Viraka akaanzia ukingoni. Mshono ukatoka umenyooka, mzuri, hata wateja wengine wakasogea kutazama. Alipofika katikati ya kitambaa, akasimama. Akaachia vishikio.

Muuzaji alingoja. Akagonga mashine, akakagua uzi, akainama kutazama waya wa umeme.

"Mama, imekwama?"

"Haijakwama."

"Basi endelea tu, mama. Umesimama ndiyo maana nayo imesimama."

"Nilikuwa nangoja mwenzangu aipokee," Mama Viraka anaeleza leo, na anacheka mpaka anashika bega. "Ala! Miaka ishirini na sita, mkono umejua kazi yake inaishia katikati. Nikaona aibu. Nikasema naenda kunywa maji, nikaenda kulia kwenye choo cha duka."

Muuzaji amemshikia mashine zote mbili hadi leo Ijumaa, saa kumi jioni. Baada ya hapo ile ya fremu anaichukua mteja mwingine, na nyingine kama hiyo haijulikani itaingia lini. Kilichomzuia Mama Viraka kuamua si bei. Ni kwamba akiiweka mashine chumbani kule, wifi hana tena pa kurudi. Na bado hajamwambia.

"Nikinunua ile ndogo, chumba chake kipo. Bega litakufa, sawa, lakini chumba kipo."

Saa sita na nusu anapiga simu. Anaiweka juu ya fremu kwa sauti kubwa kwa sababu mkono wake hauwezi kuishikilia sikioni kwa muda mrefu. Binti anapokea, anamsalimu mkaza mjomba wake kwa heshima, kisha anampelekea mama yake.

"Wifi!" Sauti ni nene, ya mtu aliyezoea kubishana. "Leo si Jumapili. Umepata mume?"

"Akitokea, wewe ndiye utakayetoa idhini."

"Sitoi. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, wifi. Nataka kununua mashine."

"Ipi?"

Anaanza kueleza. Anaeleza ya mezani vizuri sana, faida zake, udogo wake. Ya fremu anaipitia haraka haraka.

"Hiyo kubwa unaionea kwa nini?" wifi anauliza.

"Haina pa kukaa."

"Chumba changu kimeota mlima?"

Mama Viraka anatazama sindano iliyosimama katikati ya kitambaa.

"Wewe mwanamke, nisikilize," wifi anasema, na sauti inashuka. "Unadhani sikujua ulikuwa unafumua mishono yangu?"

Mama Viraka anajishika mdomo.

"Mwaka mzima. Mimi nikienda kuoga, wewe unafumua niliyoshona na kushona upya. Macho yalikufa, wifi, vidole havikufa. Ukifumua, sindano inaacha matundu. Nilikuwa nayapapasa. Nilikuwa nakuta mstari wangu umenyooka, na pembeni yake matundu yanakwenda kama mlevi. Nikasema, huyu anashona pande mbili na bado ananiacha nijione fundi."

"Sikutaka uumie."

"Najua. Unadhani binti yangu alinilazimisha kuja huku? Nilimpigia mimi. Nilimwambia njoo unichukue, namuua mke wa kaka yangu kwa kazi."

Mama Viraka analia, bila kujificha, kipande cha kitambaa cha kijani kikiwa machoni. Kwa miezi kumi na nne aliamini wifi alichukuliwa. Hakujua kwamba aliondoka mwenyewe.

"Ungeniambia," anasema.

"Na wewe ungeniambia mishono imepinda. Tulikosa wote. Sasa toa kitanda, nunua kubwa. Mimi sirudi, wifi. Huku nimeshazoea kuta, najua mlango uko wapi kwa mkono. Nikija, nitakuja kama mgeni, utanilaza sebuleni."

"Sebuleni kuna baridi."

"Basi kuwa na mfarishi wa kunifunika, si ndiyo kazi yako?"

Simu inakatika bila kwaheri. Mama Viraka anasema wifi hajawahi kuaga mtu kwenye simu maisha yake yote.

Saa saba anampigia muuzaji. Anachukua ya fremu. Wataileta Jumatatu.

Mpango wake, anasema akikunja kitambaa cha kufunikia fremu, ni kumaliza zile kazi tisa kabla ya miezi miwili, halafu ashone wa wifi. Utakuwa mwekundu kila mahali, na mishono atainyanyua kwa uzi mnene ili isomeke kwa vidole.

"Atapapasa mpaka apate kosa. Namjua. Na mimi nataka alipate, ili anipigie simu katikati ya juma."

Kisha anaingia chumba cha wifi. Kitanda ni cha mbao nzito, kizee, hakina ujanja wa kukunjwa. Anashika kichwa cha kitanda, anakinyanyua kidogo, anakiachia. Anamtazama mwandishi wa makala haya.

"Wewe, kalamu haina uzito. Njoo ushike miguuni."

Kitanda kinatolewa kwa kusukumwa, kwa kuinamishwa, kwa maneno mengi mlangoni. Kinasimamishwa ukutani sebuleni. Mama Viraka anarudi chumbani peke yake na kusimama katikati, pale ambapo sakafu imebaki na rangi yake ya zamani.

"Jamani," anasema. "Kumbe chumba kilikuwa kikubwa hivi."

Anachukua futi ya utepe na kuanza kupima sakafuni kutoka ukuta mmoja, na anapofika mwisho wa mkono wake anaweka kidole cha mguu juu ya ncha ya futi, ili isiteleze, na kuendelea hadi ukuta wa pili.