Habari Nilizompa Fuko Namba Nne

Siku ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe, ufagio na amri ya kunyamaza. Ilikuwa miaka ya Zaïre, katika kituo kidogo cha utafiti wa wanyama nje ya Kolwezi. Mkubwa wetu tulimwita Citoyen Directeur, yaani Mwananchi Mkurugenzi, maana neno Monsieur lilikuwa limekwisha kupigwa marufuku. Alikuwa mrefu, suti yake ya abacost, ile isiyovaliwa na tai, imemkaba shingoni, na hakupenda salamu ndefu.

"Weye uko à l'essai miezi sita," aliniambia. "Banyama ba chumba ya nyuma, unabapa chakula, unabafagilia, basi. Kusema nabo, hapana. Kubagusa, hapana. Nikisikia sauti yako, unarudia kwenu."

À l'essai ni kujaribiwa. Aliyefaulu ndiye aliyeandikwa kazi ya kudumu. Nilikuwa na watoto watano mtaani Manika, nami niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Nikaapa kunyamaza, ingawa sisi tuliotoka Kasai tulifika Katanga na maneno mengi kuliko mizigo.

Wanyama wenyewe walikuwa fuko, wale panya wa chini ya udongo wanaokula viazi vya watu kuanzia upande wa mizizi. Meno yako nje ya midomo, macho ni madogo na karibu hayaoni. Kwa majirani zangu fuko ni kitoweo. Mke wangu alikuwa akiniuliza, "Unalisha nyama kila siku, na haiingie mu chungu?"

Fuko haishi peke yake. Hukaa ukoo mzima kwenye mahandaki. Mama mmoja tu huzaa, wengine huchimba na kulea. Citoyen Directeur alitaka kujua akili ya fuko aliyetengwa inakuwaje. Sita tuliwaweka pamoja kwenye sanduku kubwa, hilo ndilo kundi la ulinganisho, na sita wengine kila mmoja kizimba chake. Kila Ijumaa tuliwapitisha kwenye labyrinthe, yaani vichochoro vya mbao vyenye kipande cha kiazi mwishoni, tukahesabu mara ngapi kila mmoja amepotea.

Wa sandukuni walijua njia upesi. Waliotengwa walizunguka, wakarudi walikotoka, wakalala. Namba Nne alikuwa mbaya zaidi: kutwa akikwaruza kona ileile, na ufagio ukimkaribia aliung'ata.

Nilivumilia wiki tatu. Kwetu huwezi kumpita mtu aliyekaa peke yake bila kumwuliza kama anaumwa. Asubuhi moja mdomo ukaniponyoka, nikampa salamu ya Kiluba, ile ya kumwamkia baba. "Moyo, tata. Umelala muzuri?"

Namba Nne akaacha kukwaruza, akaja hadi kwenye waya. Hapo nikaharibika kabisa. Tangu siku ile nilipita vizimba vyote sita nikitoa habari za nyumbani, za kanisani, za mpira na za wakubwa wa kazi. Msikilizaji hodari kama fuko sijampata tena, kwanza hana wa kumpelekea umbea.

Kumbe na akili zao zikaamka. Mwezi wangu wa tano kazini Namba Nne aliwapita hata wale wa sandukuni, na Citoyen Directeur alikuwa karibu kucheza ngoma.

"Bazungu bataandika bitabu byabo upya!" alisema. "Fuko ya Zaïre haiogopake kubakia yeye moja!" Akamwita Inspekta kutoka Lubumbashi aje aone kwa macho yake.

Inspekta akaja alfajiri na miwani na daftari, kabla sijapata nafasi ya kutoa salamu zangu za asubuhi. Namba Nne akawekwa mlangoni mwa labyrinthe, mimi nikasimama nyuma na ufagio wangu. Fuko akainua pua, akajizungusha, akakaa. Inspekta akatazama saa. Citoyen Directeur, jasho likimtoka, alimsukuma kwa penseli, fuko akaikata vipande viwili.

Nikinyamaza, mkubwa wangu anachekwa kwa uongo wangu. Nikisema, kazi imekwenda.

"Moyo, tata," nikasema.

Namba Nne akapita kona tatu bila kukosea, akakamata kiazi chake.

Inspekta alicheka mpaka akavua miwani. Citoyen Directeur hakucheka. "Ulibaambiaka nini, hawa banyama?"

"Habari, Citoyen Directeur."

"Habari gani?"

"Yote."

Inspekta akaamuru niandike yote kwenye rejista, kwa kuwa maneno yale nayo yalikuwa sehemu ya jaribio. Niliandika siku mbili. Nilitaka kuruka yanayomhusu mkubwa, lakini uongo mmoja ulikuwa umetosha. Niliandika kuwa abacost inambana. Niliandika kuwa saa sita anajifungia ofisini kula sardini peke yake, na ikifika saa nane amesahau aliyoagiza asubuhi na anatugombeza sisi.

Aliisoma mbele yangu. Aligeuza ukurasa, akaurudia.

"Hii ya sardine, uliiambia bote sita?"

"Bote sita, Citoyen Directeur."

Kesho yake, saa sita, alitoka na kopo lake, akaja upenuni tulipokuwa tunakula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, akauliza akae wapi. Wiki hiyohiyo alinitilia saini ya kazi ya kudumu, kwa sharti moja: jaribio linaanza upya, na safari hii ninyamaze kweli.

Nilinyamaza. Nilitumikia kituo kile, nikahamishiwa Dilolo, nikarudishwa, mpaka nikastaafu nikisifiwa kwa utulivu. Ninyi vijana mnaoniuliza kuhusu kazi hii, jueni kwamba amri ile ilikuwa sahihi. Jaribio la pili lilikuwa safi, waliotengwa wakapotea kama ilivyotarajiwa, na Inspekta akatuandikia barua ya pongezi. Watoto wangu wamesomeshwa na kazi hiyo.

Ila kila asubuhi, nilipofungua mlango, Namba Nne alikuja kwenye waya akangoja. Nilifagia, nikampita. Alikuja hivyo siku kumi na tisa, nami nikaziandika zote kwenye rejista. Siku ya ishirini hakuja; alikuwa amerudi kukwaruza kona yake ileile. Niliiandika hiyo pia, kwa mwandiko mzuri, na ndiyo siku ya kazi ninayoionea haya mpaka leo.