Motaboti ya Awadhi

Awadhi alikuwa dereva wa motaboti ya uokozi kwenye chama cha Wazungu walioshindana kwa mashua za tanga kila Jumapili. Kazi yake ilikuwa kukaa karibu na maboya mpaka mashua ya mwisho irudi, na chombo kikipinduka awahi watu kwanza. Kuondoka kabla ya hapo kulikuwa marufuku, naye alilijua hilo vizuri.

Jumapili moja ya mwaka 1954, Bwana Pelham, mkuu wa mashindano, alimwita kwenye boti ya waamuzi. Wageni wake walikuwa wamechoshwa na jua, wakataka kurudishwa pwani. Awadhi akamwambia mashua bado ziko nje na upepo unazidi. Bwana Pelham hakubishana naye. Alirudia maneno yale yale kwa sauti ya chini zaidi, na Awadhi akawapakia.

Aliporudi, alikuta mashua moja imelala ubavu. Mwenyewe, Mzungu, alikuwa ameing'ang'ania. Baharia wake, Melkiori, mtu wa Songea, hakuonekana. Mwili wake uliopolewa kesho yake.

Melkiori na Awadhi walipanga nyumba moja Kariakoo, vyumba vikitazamana, na Awadhi ndiye aliyempeleka chamani kutafuta kazi. Sasa hata kwenda uani kuoga ilimlazimu apite mlangoni kwa Severa, mjane wa rafiki yake. Akawa ananyata ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi.

Bwana Pelham akamshauri, kwa upole kabisa, amwambie hakimu atakayechunguza kifo hicho kwamba injini iligoma. Hapo hapatakuwa na wa kulaumiwa, na kazi yake itabaki. Mwenye nguvu mpishe, Awadhi alijiambia njia nzima. Lakini alipofika, Severa alikuwa ukumbini anachambua mchele.

"Shemeji," akamwuliza bila kuinua uso, "ulikuwa wapi?"

Awadhi hakuitaja injini. Akamweleza yote. Severa akaendelea kuchambua mchele.

Mbele ya hakimu Awadhi akayasema hayo hayo. Bwana Pelham akajibu kwamba yeye aliomba tu, hakuamuru. Dereva angeweza kukataa.

"Kanuni uliijua?" hakimu akamwuliza Awadhi.

"Niliijua, bwana."

"Na ukaondoka."

"Niliondoka."

Ikaamuliwa kwamba uzembe ni wa dereva. Chama kikamfukuza, na pwani nzima hakupata wa kumpa chombo. Akaishia kusukuma mkokoteni sokoni.

Mwisho Severa aliamua kurudi kwao. Awadhi akampelekea sanduku lake mpaka kwenye basi la kusini. Alipokwisha kulipandisha, akamwomba radhi.

Severa akashika mlango wa basi. "Ulisema kweli, shemeji," akamwambia. "Lakini ulikwenda."

Akapanda. Awadhi akabaki ameshika mipini ya mkokoteni, watu wakimpigia kelele apishe njia.