Siku Niliyompokea Bibi Kikapu Chake

Aibu hii ningeifukia na kukaa juu yake, ila kaka yangu Dieudo ameshaanza kuisimulia huko Columbus kwa namna yake, na katika namna yake mimi nimekuwa jambazi wa ziwani, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe, mcheke mkiwa na habari kamili.

Tuko watatu, sote Marekani. Yaya Riziki ndiye mkubwa (kwetu Uvira, Kongo, yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, si mlezi wa watoto, ingawa kwangu alikuwa yote mawili). Anaishi Louisville na kazi yake ni kuwahudumia wazee: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani, kisha anarudi nyumbani kuanza upya kwa watoto wake. Dieudo yuko Columbus, mtaa wa Linden, anapakia maboksi ghalani. Mimi Solange, kitindamimba, niko Buffalo, nyuma ya Grant Street, na nina ugonjwa mmoja usio na dawa: siwezi kukaa. Nikikaa, mguu unacheza. Mguu ukitulia, ulimi unaanza.

Mwaka tulipopata pasipoti, Dieudo alitutumia picha ya ziwa la Atitlan aliyopewa na Mguatemala mmoja wanayepakia naye. "Ona ile milima," akasema kwenye simu, "ona maji. Njo kwetu ile, bila vita." Tukajikusanya, tukaenda Guatemala. Riziki alikubali kwa sharti moja, alilolirudia mpaka uwanja wa ndege: "Donc, basi, siku moja tu nitakaa. Siku moja sitainuka kwa ajili ya mtu yeyote. Mukiniharibia ile siku, mutanijua."

Mjue pia kwamba Riziki alikuwa hajapanda chombo cha majini tangu tulipovuka Ziwa Tanganyika tukikimbia vita, mimi nikiwa mgongoni mwake. Ndiyo maana asubuhi ile, tulipoingia kwenye boti, alishika ubao wa kiti kwa mikono miwili akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Lakini maji yalikuwa yamelala, yamenyooka kama shuka iliyotoka kupigwa pasi, na ng'ambo volkano tatu zilisimama kama mafiga ya mpishi mmoja mkubwa aliyeondoka bila kuzima moto, na polepole nikaona vidole vya dada yangu vinauachia ubao. Akafumbua jicho moja. Kisha la pili. Akatabasamu peke yake, akidhani hatumwoni. Tulikuwa tunaelekea bustani moja ng'ambo, yenye viti vya kulalia na kivuli, na mpango wetu wa siku nzima ulikuwa kutofanya lolote.

Kutofanya lolote! Nilianza kuwashwa kabla hatujafika katikati.

Boti iliposimama kwenye kijiji cha kwanza kushusha watu, nikasema, "Tushuke kidogo, tunyooshe miguu."

"Miguu yangu imenyooka," akasema Riziki.

"Dereva anangoja abiria bado." (Dereva hakusema hivyo. Alikuwa amewasha sigara tu, nami nikaisoma ile sigara kama ratiba.)

"Muache ashuke, Yaya," Dieudo akasema, "ama atatoboa boti ya watu na visigino."

"Bon. Lakini usiende mbali."

Tukashuka wote, na hapo ndipo nilipomwona bibi. Alikuwa anateremka kwenye njia ya mawe, mdogo, sketi ya kufumwa hadi kwenye vifundo, kikapu kikubwa kichwani, juu ya kata ya nguo iliyozungushwa vilevile kama mama yetu alivyokuwa akiizungusha, furushi mkononi na mjukuu mkono wa pili. Sasa ninyi niambieni, mmelelewa wapi ambako mtu mzima anapita na mzigo na kijana anamtazama? Mimi Grant Street kila siku nawapokea mama zetu mifuko yao ya unga na samaki, siombi ruhusa, napokea tu, natangulia mbele, na wao wanakuja nyuma wakinibariki na kunilalamikia bei ya bamia. Mkono wangu haukuniuliza. Nikamwamkia kwa kuinama, nikanyanyua kikapu, nikakiweka kichwani mwangu na kutangulia kwenda kwenye boti, kwa sababu nani anateremka gatini kama si msafiri?

Bibi akapaza sauti nyuma yangu, kwa lugha yao ya pale ziwani, ambayo hata Kihispania chenyewe hakiijui. Nikajua ananibariki. "Asante, mama!" nikajibu kwa Kiswahili bila kugeuka (ukiwa na kikapu kichwani hugeuki ovyo, na isitoshe nilikuwa nimeacha mikono, najionyesha). Akapaza zaidi. Nikaongeza mwendo, maana dereva alikuwa ametupa kipande cha sigara na kuanza kufungua kamba. Nikaruka ndani. Dieudo na Riziki wakaruka nyuma yangu, wakinilaumu kwa kuwakimbiza. Boti ikaondoka.

"Solange," Dieudo akasema, "mwenye kitunga iko wapi?"

Nikageuka sasa. Gatini watu walikuwa wanakimbia, wanaume wanapunga kofia, watoto wanaruka, na mbele yao wote bibi amesimama mikono kichwani, pale kikapu kilipokuwa. Nyuma yake, hatua chache tu kutoka majini, niliona nyumba yenye lango lililopambwa kwa maua na karatasi za rangi. Alikuwa anakwenda pale. Hakuwa na safari yoyote.

Ndani ya boti wote wakanigeukia. Mama mmoja akauvuta mkoba wake akaukumbatia. Mzungu mmoja akanitazama kwa huruma, jambo lililoniumiza kuliko lile la mkoba. Nikamwonyesha dereva kwa mikono kwamba arudi; akanionyesha kwa kidevu kwamba ng'ambo wanangoja, na kwamba upepo wa mchana umeanza, na kweli maji yalikuwa yameanza kukunjana. Nikafunua kitambaa cha kikapu, sijui nilitafuta nini, labda pa kuficha uso. Ndani mlikuwa na vyakula vya moto vilivyofungwa kwenye majani kama chikwange zetu za muhogo, mshumaa mrefu mweupe, na juu kabisa viatu viwili vya mtoto mchanga, vyeupe, ambavyo havijakanyaga chochote.

"Ni ubatizo," akasema Riziki. "Solange. Umebeba ubatizo wa watu."

Kisha dada yangu akasimama. Katikati ya boti inayoyumba, yule aliyekuwa hathubutu kuachia ubao, akasimama wima na kumnyooshea dereva kidole, kwa ile sauti anayowaamshia watoto wake Louisville:

"Geuza! Miye nakuambia geuza! Mama wa watu analia, na wewe unaangalia saa?"

Dereva hakujua hata neno moja la Kiswahili. Akageuza.

Wanaume wa kijiji walitungoja wamefunga mikono vifuani. Nilishuka nikapiga magoti kwenye mbao zenye maji, nikamtolea bibi kikapu kwa mikono miwili, na Dieudo akajitolea kutafsiri. Tatizo ni kwamba Kihispania chote cha Dieudo kimetoka ghalani. Alisema (alinieleza baadaye, kwa fahari): "Bibi. Mzito. Huyu anainua. Hii upande juu. Samahani. Mapumziko." Akarudia "mapumziko" kwa mkazo, akinionyesha mimi kichwani, kana kwamba ndipo palipokuwa na hitilafu.

Kikazuka kicheko nyuma, kwanza cha mtu mmoja, halafu cha gati zima. Bibi hakucheka. Alihesabu vyakula vyake kwa macho, akanipiga kofi dogo kwenye kifundo cha mkono, kofi la bibi yeyote duniani, kisha yeye mwenyewe akakirudisha kikapu kichwani mwangu na kunisukuma kuelekea langoni.

Boti yetu ikaenda zake bila sisi, na mimi sikutua tena. Nilibeba kikapu, nikabeba viti kutoka kanisani, nikabeba kuni, nikabeba maji, watoto wananifuata wakiniiga mwendo, na kila mgeni aliyeingia alisimuliwa kisa changu upya huku mimi nikionyeshwa kwa kidole. Riziki alikuwa ameshika nguzo ya lango kwa mikono miwili kama ule ubao wa boti, bibi akaliona hilo, akamkalisha kwenye kiti chenye mto chini ya paa la majani. Kila alipoinuka kusaidia vyombo, bibi alimwekea mkono begani akamrudisha chini. Akaletewa sahani. Akaletewa nyingine. Mara ya tatu Riziki hakuinuka tena, alivua viatu.

Jua lilipoegemea volkano, boti ya mwisho ikapiga honi. Dieudo akaja mbio. "Tunaachwa! Amusha Yaya!"

Nikaenda hadi pale kitini. Alikuwa amelala, kinywa wazi, miguu imenyooshwa mbele, ile miguu ambayo wazee wa Louisville wanaijua kwa mlio wake sakafuni. Mkono wangu ulishaanza kwenda begani kwake. Nikaurudisha.

"Kaa," nikamwambia Dieudo.

"Nikae wapi?"

"Chini."

Tukakaa chini, boti ikaenda. Nimeapa tangu siku hiyo kwamba sipokei mzigo wa mtu mpaka auweke mwenyewe mikononi mwangu, na hata hapo nauliza kwanza anakwenda wapi, na mama zetu wa hapa mtaani wanaona nimekuwa na kiburi, wacha waone.

Riziki aliamka maji yameshapoteza rangi. Akatazama gati tupu, akatazama ziwa, akanitazama mimi.

"Solange, umefanya nini tena?"

"Safari hii sikufanya kitu," nikasema, na ndilo jambo lililonitoa jasho kuliko kuni na maji yote ya siku ile.