Emérance na vumbi la Mudzipela

Saa tatu asubuhi, Emérance amejifungia chumbani kwake, mtaa wa Mudzipela, Bunia. Mashuka mabichi yananing'inia pande zote, sakafu imenyunyizwa maji. Mezani kuna diski ya kompyuta iliyofunguliwa, inang'aa kama kioo. Ndipo anaposikia uani: shwa, shwa, shwa.

"Mama Scholastique! Tena?"

"Niko nafagia tu, mutoto yangu. Siye tunalala kwako, tunakula kwako. Nikae mikono mitupu?"

Mama huyu amekimbia vita Djugu. Watu kumi na mmoja wanabanana katika vyumba viwili vya Emérance, fundi wa kompyuta, na mgeni mwenye adabu hushukuru kwa fagio. Kiangazi hiki cha Januari 2003, shukrani hiyo ni vumbi linalopenya chini ya mlango. Mara ya tatu leo. Emérance anafunika diski kwa bakuli.

Diski ni ya shirika linalowatafuta wazazi wa watoto waliopotea vitani. Ina majina mia tatu na kumi na mawili. Karatasi za majina hayo ziliungua; nakala ni hii tu. Kijimkono cha kusomea kimekwama, na hakikwamuliwi bila kufungua.

"Kampala walitufundisha," anafoka peke yake. "Kwenye viwanda vya chipu za kompyuta wafanyakazi wanajifunika kichwa mupaka muguu, hewa yenyewe inachujwa. Njia za ndani ya chipu ni nyembamba kuliko unywele. Chembe moja ya vumbi ni kama lori limepinduka pale Komanda: hakuna kitu inapita. Diski nayo ni vilevile. Wao wana mashine, mie niko na mashuka!"

Kumgombeza mgeni wa umri ule hawezi. Anatoka, anachuchumaa mbele yake, anasema alichoogopa kusema wiki nzima, asimpe tumaini la bure.

"Mama, mule ndani kuna majina ya watoto waliopotea. Labda na la mujukuu wako Priscille."

Fagio linaanguka.

"Na weye unanyamaza? Asubuhi yote niko namuzika na vumbi!"

Mara mama yuko barabarani, ndoo mkononi, anamwaga maji, anamzuia jirani Evariste na pikipiki yake.

"Zima! Sukuma!"

"Mama, hii barabara ni ya serikali."

"Serikali gani? Sukuma!"

Emérance anarudi kwenye mashuka yake. Haombi diski ipone.

"Izunguke dakika kumi tu," anasema. "Majina yatoke. Kisha ikufe."