Magunzi Kati ya Vidole vya Mbaruku

"Usinishike mkono, Hafsa. Sijakuomba dawa."

"Na mimi sikuomba mume mwenye mkono kama embe lililooza," mkewe akajibu, huku akiendelea kuikata kamba iliyombana vidole kwa kisu cha jikoni.

Mbaruku akageukia ukuta. Ukutani lilining'inia gitaa la bendi, nalo hakutaka kuliangalia.

Mikono yake ilikuwa midogo hiyo! Alipozaliwa kambi ya mkonge, mkunga alihesabu vidole mara tatu, akidhani vingine vimebaki tumboni. Mikono hiyohiyo ikakata mkonge miaka kumi na miwili, ikajifunza gitaa la debe, ikapiga harusi toka Mombo hadi Handeni, kila wimbo akiupunguza uenee kiganjani, kama mtu anayevaa suruali ya kaka yake. Kisha Sharifu, mkuu wa bendi, akaleta nyimbo mpya zinazotaka vidole vitanuke kuvuka vyuma vinne vya shingo ya gitaa. Akampa wiki tatu, mpaka Ijumaa hii. Akishindwa, gitaa linakwenda kwa Shukuru, mwenye vidole kama miguu ya korongo.

Basi Mbaruku akajinyoosha. Wiki tatu nzima, kila kukicha, kidole kimoja kimoja juu ya meza, taratibu. Vikatanuka upana wa punje ya mchele. Ijumaa hii asubuhi haraka ikamshinda. Akapachika magunzi makavu ya mahindi kati ya vidole, akayafunga kwa kamba ya katani, kisha, kwa kuwa aliambiwa maji ya moto hulainisha mishipa, akauzamisha mkono kwenye beseni, usingizi ukamchukua palepale kitini. Mtoto wa mkonge, jamani, aliyekua akiona kamba ya katani ikilowa inavyojikaza mpaka mbuzi aliyefungwa nayo anakoroma. Magunzi yakavimba, kamba ikabana. Hafsa akamkuta hivyo alipotoka shamba.

Kamba ya mwisho ikakatika. Kidole cha mwisho kilibaki kimesimama, cheusi.

"Kikunje," Hafsa akasema, sauti imeshuka.

Hakikukunjika.

Hafsa akataka waende zahanati sasa hivi. Mbaruku akatikisa kichwa.

"Miaka ishirini nimewapunguzia watu nyimbo, hakuna aliyejua. Nikienda zahanati leo, watajua."

Hafsa alikuwa anafungua mdomo kumjibu, hodi ikalia. Sharifu akaingia na kanzu yake ya msikitini, na nyuma yake Shukuru, amebeba mfuko mtupu wa gitaa. Mbaruku akauficha mkono ndani ya kanga ya mkewe.