Wifi wa Bandani

Jirani yangu wa upande wa kushoto tunamwita Mzee Haya, na hakuna aliyekesha akimtafutia jina hilo, alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Umwambie mvua inakuja, haya. Umwambie mbuzi wake ameingia kwenye maharage yangu akala mstari mzima, haya. Siku moja nilimkasirikia nikamwambia kwamba ipo siku nitakuja mbio kumwambia nyumba yake inaungua, ili nisikie tu atasema nini. Akasema haya, akaendelea kufagia banda.

Mkewe ndiye aliyekuwa na maneno ya watu wawili, yake na ya mumewe. Alikuwa rafiki yangu, kwa hiyo nisikudanganye kwamba nitasimulia haya bila upendeleo.

Mifugo yao si ya kutisha. Kuku wa kuhesabika, mbuzi wawili watatu wasio na adabu, na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe iliyopinda kuelekea sikioni. Ng'ombe huyo alizaliwa katika banda la mama yake Mzee Haya, akaletwa kwao akiwa bado mtamba, hajazaa. Basi rafiki yangu akaamua kwamba mtoto wa kike aliyetoka kwa wakwe ni dada wa mume, na dada wa mume ni wifi. Akawa anamwita hivyo, Wifi, na akamfanyia yote ambayo mtu humfanyia wifi yake: mbele ya watu anamsifia, wakibaki wawili anamshtakia mume.

Kati ya banda lao na jiko langu kuna ua wa miti tu, na miti haizuii sauti. Mimi nawasha moto, yeye amekaa kwenye kigoda chake, kichwa ameegemeza ubavuni mwa ng'ombe, anakamua huku anasema. Wifi, kaka yako jana kakoroma mpaka jogoo kajibu. Wifi, kaka yako nimemtuma chumvi karudi na misumari. Ng'ombe anatafuna pumba taratibu, maziwa yanalia ndooni, na habari za nyumba yote zinanifikia mimi pamoja na moshi. Mzee Haya mwenyewe wakati huo yuko shambani kule chini anakata majani. Ndivyo walivyogawana: majani, samadi na kukarabati ua vya mume, kukamua kwa mke. Sidhani kama aliwahi kusikia hata neno moja la yaliyokuwa yanasemwa juu yake.

Halafu rafiki yangu akalala usiku mmoja, asubuhi hakuamka. Hakuwa mgonjwa, wala hakuaga.

Tulimzika. Mzee Haya hakulia. Watu wakatazamana, wengine wakanong'ona kwamba ana moyo mgumu yule. Mimi nilikaa naye karibu siku zile, nikampelekea chakula, na sikuona moyo mgumu wala mlaini. Alikuwa kama mkono ulioulalia vibaya: unauona kabisa ni wako, lakini ukiugusa haupo. Ukimwekea sahani anakula. Usipomwekea hali. Binti yao mmoja, fundi cherehani aliyeolewa mbali, alimwomba waende naye akakae kwake, akasema haya. Gari likaja, akapanda. Likapita penye banda, akashuka, akaenda kumwekea ng'ombe maji, na hakupanda tena.

Sasa ng'ombe huyo alikuwa na shida yake. Hakuwa na ndama tena, alishaachishwa, na mkono wa mwanamume haujui. Mzee Haya akikaa pale chini, ng'ombe anageuza shingo, anamtazama, anabana. Akizidi kumvuta, teke, na ndoo inaruka mpaka ukutani. Unaweza kumfunga miguu ng'ombe, lakini maziwa aliyoyazuia huwezi kuyafunga kamba ukayavuta.

Ndipo asubuhi moja, nikiwa napuliza moto, nikamwona rafiki yangu. Gauni lake la bluu la kazini, kitambaa chake kichwani, ndoo mkononi, anaingia bandani. Nilikaa chini palepale penye majivu. Nilipopata nguvu ya kutazama tena nikaona mabuti makubwa chini ya gauni, na nikaelewa.

Gauni lilimkaba mabegani na mikono iliishia karibu na viwiko. Ng'ombe alinusa kitambaa, akanusa bega, akashusha pumzi, maziwa yakaja. Hayakuwa kama ya zamani, lakini yalikuja. Mzee Haya alikamua kimya, akatoka, akalitundika gauni kwenye msumari mlangoni, na kesho yake akalivaa tena. Nilimwambia kutoka ng'ambo ya ua kwamba leo amependeza, nikitaka acheke au aniudhikie, nikubali lolote. Akasema haya.

Kitu kilichoniuma zaidi kilikuwa mwenye pikipiki ya maziwa, anayepita kuyakusanya asubuhi. Huyo hutoka mbali, hakuwepo kwenye mazishi na hakuna aliyemwambia. Alizoea kutaniana na mama mwenye nyumba. Mara ya kwanza alipokuta mzee peke yake akauliza mama yuko wapi, na mzee akamjibu, "Hayupo." Yule bwana akaelewa kwamba amesafiri. Toka hapo kila asubuhi akishafunga madebe yake anasema mama akirudi amsalimie, na mzee anasema haya. Salamu zikawa zinarundikana mlangoni kwa marehemu. Nilitaka kumropokea yule mtu kutoka ng'ambo ya ua, lakini habari ya msiba ina mwenyewe wa kuitoa, na mwenyewe alikuwa anabeba debe.

Wakapita hivyo, mzee na gauni lake, mpaka binti alipokuja kumtazama baba yake.

Ni binti mzuri, mchapakazi kama mama yake, na mikono yake haiwezi kukaa bure. Alifika, akafagia, akasugua masufuria, akakuta mlangoni pa banda gauni la mama yake limeganda samadi na maziwa yaliyochacha. Alilia sana, kisha akafanya ambacho mtoto yeyote mwenye mapenzi angefanya. Akaliloweka, akalifua kwa sabuni ya unga, akalisuuza mpaka maji yakawa meupe, akalianika juani pamoja na kitambaa. Baba yake alipita akaliona kwenye kamba linadondosha maji. Binti akamwambia amelifua, akasema haya.

Jioni mzee alilivaa likinukia maua ya sabuni. Ng'ombe alinusa bega mara moja tu, akarudi nyuma, na teke alilorusha lilipasua kigoda.

Kesho yake vilevile, na siku iliyofuata. Kiwele kikavimba, kikang'aa, ukikigusa ng'ombe anatetemeka ngozi nzima. Daktari wa mifugo akaja, akampima, akasema haumwi, anazuia tu, na akiendelea kuzuia ataumwa kweli, na baada ya hapo atakauka. Binti alikuwa ameshajua kosa lake na alikuwa hajui aliweke wapi; kila siku alilisuuza gauni kwa maji matupu, akalianika tena, lakini harufu ya sabuni haikutoka. Aliogopa kwamba baba yake atapigwa teke avunjike, abaki chini bandani na hakuna wa kumwona. Akasema bora ng'ombe aondoke. Lakini nani atamtaka ng'ombe mtu mzima anayepiga mateke na kubana maziwa? Ni mwenye bucha peke yake. Akamwambia baba yake hivyo kwa upole, na baba yake akajibu lile jibu lake.

Mimi lile haya lilinichoma. Rafiki yangu ameondoka, na sasa wifi yake anakwenda kutundikwa kwenye ndoano, na mtu anasema haya kama ameombwa kiberiti.

Mwenye bucha aliahidi kuja alasiri. Nilipomwona amesimama langoni na kamba yake begani, anaongea na binti, niliacha mboga zangu nikazunguka ua. Nikamkuta Mzee Haya nyuma ya banda ana panga, anakatakata majani mabichi, vipande vidogovidogo vilivyo sawa, kama siku zote.

Nikamuuliza anamkatia nani.

"Atakuwa na njaa," akasema.

Nikakasirika, na nikikasirika mimi husema yote. Nilimwambia kwamba lile gauni halikuwa dawa, lilikuwa harufu tu, nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mdomo. Mkewe hajawahi kumkamua ng'ombe yule kimya hata siku moja. Alikuwa anamwambia habari za nyumbani, na ng'ombe alikuwa anazisubiri, na sasa amekaa muda wote huu haambiwi kitu, anaona tu mtu anaingia na nguo ya mwenzake mdomo umefungwa. Mimi ningekuwa yeye ningerusha mateke makali kuliko hayo.

Panga likasimama. Akauliza swali, na sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akiuliza swali.

"Alikuwa anamwambia nini?"

Nikamwambia. Kukoroma, misumari, chumvi. Nikamwambia na la viatu, kwamba asubuhi moja alimwambia ng'ombe kaka yake amemnunulia viatu na ni vidogo, vinambana, lakini amemjibu mumewe kwamba vimemkaa vizuri sana, na sasa hana la kufanya ila kuvivaa.

"Viatu vilikuwa vidogo?" akasema.

"Vidogo."

"Alikuwa anavivaa kila mahali."

Nikasema ndiyo. Akakaa juu ya majani aliyoyakata. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa, na hasira yangu yote ikaisha. Kisha akanyanyuka, akachukua ndoo na mafuta ya kukamulia, akapita penye kamba ya nguo bila kuligusa gauni, akaingia bandani na shati lake na jasho lake mwenyewe.

Binti akaja, mwenye bucha nyuma yake. Nikawazuia kwa mkono. Tulisimama upande wa nje, tunaona kisogo cha mzee na tumbo jekundu la ng'ombe. Alikalia jiwe, kwa kuwa kigoda kilikuwa kimepasuka. Akaegemeza kichwa ubavuni kama alivyokuwa akifanya mkewe. Ng'ombe akageuza shingo, akabana miguu. Mwenye bucha akahamisha kamba kutoka bega hili kwenda lile.

"Dada," akasema Mzee Haya.

Alikohoa.

"Dada, wifi yako amekufa."

Hakuwa amelisema neno hilo kwa mtu yeyote. Sisi wote tulijua, tulimzika sisi wenyewe, hakuna aliyemlazimu kulisema. Sauti yake ilitoka nene, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Nilimpelekea chai nikamwambia inapoa. Nikaja nikakufagilia hapa. Nikarudi, nikaikuta, nikamwambia tena inapoa. Nilidhani amelala. Nikakaa nikainywa mimi."

Mabega yalikuwa yanamtikisika, na mikono huku chini inaendelea kusugua kiwele kwa mafuta, polepole, kwa mazoea. Alisema mengi. Alisema kuhusu viatu. Alisema yeye hakoromi, na kama anakoroma mbona hakuambiwa. Ng'ombe alibaki amegeuza shingo anamtazama, sikio moja mbele, kisha akashusha pumzi ndefu na kurudisha mdomo kwenye pumba. Tulisikia tone moja kwenye bati la ndoo. Baada ya muda tukasikia maziwa yanalia.

Binti alikuwa amelivuta gauni kutoka kwenye kamba, amelikumbatia na ubichi wake, maji yanamlowesha kifuani. Akasogea mlangoni akasema baba, mwenye bucha amefika, anauliza.

"Aende zake," akasema baba yake bila kugeuka.

Yule bwana alikuwa ameshaanza kuizungusha kamba mkononi. Aliniaga mimi kwa kichwa, akaondoka.

Asubuhi mwenye pikipiki ya maziwa akaja kama kawaida. Nilikuwa uani, na nisijisingizie kazi, nilikuwa nasikiliza. Debe lilikuwa zito kuliko siku zote, akafurahi, akasema haya maziwa ni ya mama, amesharudi nini?

Mzee Haya akaliweka debe chini.

"Amekufa," akasema. "Zamani sasa."

Yule mtu akavua kofia yake ya pikipiki. Akauliza kwa nini mzee amemwacha siku zote hizo anatuma salamu.

"Nilikuwa bado sijamwambia dada yangu," akasema Mzee Haya.

Mwenye pikipiki akageuka huku na huku akimtafuta huyo dada ampe pole. Alikuwa na kofia mkononi na macho yamemlowa, sikuweza kumwacha hivyo. Nikamwonyesha bandani.